Mayai ya Ludara na Rilei ya Lori

Andika, mjukuu wangu, wala usipambe. Majina ya vyombo nitakavyovitaja nilijifunza kwa baba yako, kupitia kinywa cha mama yako, kwa maana kwetu mama na mume wa binti yake hawasemezani uso kwa uso.

Ilikuwa miaka ya tisini, nasi tulikuwa tumekwisha kurudi Koboko kutoka ukimbizini. Ugonjwa wa mdondo ulikuwa umeua kuku wengi. Baba yako, fundi wa redio, alitengeneza sanduku la kuangulia vifaranga, lenye taa ya mafuta chini yake. Mota ya waipa, ile ya kufuta kioo, kutoka lori bovu, ikiendeshwa na betri ya gari, ilipaswa kuyageuza mayai. Yasipogeuzwa, kifaranga hunata kwenye ganda na kufa. Saa za kugeuza zilitunzwa na chipu ndogo kama ukucha, aliyoipata Kampala. Alikuwa nayo hiyo moja tu.

Mimi ndiye niliyewaambia wanawake wa Ludara, upande wetu wa Koboko, wayalete mayai yao, nao waliyaleta kwa neno langu.

Siku ya pili nilisikia harufu ya kuungua. Swichi ambayo baba yako aliiweka kati ya chipu na mota, transista ndogo ya redio, ilikuwa imekufa kwa joto. Mama yako alikwenda Arua kutafuta transista kubwa, nami nikabaki nikigeuza mayai kwa mkono. Baba yako alikuwa upande wa pili wa ukuta wa matete, na kwa muda mrefu sikusikia hata chuma kugongana. Sikupata kumsifu kijana yule tangu alipomwoa binti yangu. Hata hivyo, ukimya ule ulinitia huruma.

Kuku wangu mmoja mzee alikuwa amelala kizingitini.

"Wewe kuku," nikasema, "huyo jirani yako wa vyuma ameshindwa nini?"

Baba yako akajibu kutoka nyuma ya ukuta. "Kuku, mwambie mama nina rilei ya lori. Hiyo ni swichi ya sumaku, inabeba mota bila kuungua. Lakini chipu haina nguvu ya kuivuta. Nikiilazimisha, chipu itakufa."

"Na ile transista ndogo, kuku, haivuti rilei?"

"Iko nyingine moja. Hiyo ingevuta. Ila nilitaka swichi moja tu, kazi iwe safi."

"Kuku, muulize: akitaka maji ya kunywa hapa kwangu, huniomba mimi?"

"Hapana, mama." Akakohoa. "Hapana, kuku. Namwambia mke wangu, yeye anamwambia mama."

"Na maji hayafiki?"

Nilimsikia akicheka, kisha nikasikia koleo.

Akaunga hivi: chipu ikaiambia transista ndogo, transista ikaiambia rilei, na rilei ikaifungulia mota umeme wa betri. Akaongeza na dayodi ubavuni mwa rilei. Alimweleza kuku kwamba rilei ikiachiwa hurusha teke la umeme, na dayodi hulimeza lisiiue transista. Rilei ikalia tak, na trei ya mayai ikainama polepole kama mtu anayepokea salamu.

Mama yako alirudi kesho yake na transista kubwa. Baba yako aliipapasa, akasema haina alama, hajui inabeba kiasi gani, wala hawezi kuijaribu juu ya mayai ya watu. Akaiweka kando. Kwa hilo nilimheshimu, ingawa sikumtuma mtu kumwambia.

Mayai yalipotimiza wiki tatu sandukuni, vifaranga vilitoka. Mayai kadhaa hayakupasuka, nami nikawaonyesha wenye mayai bila kuficha. Wanawake walipomuuliza baba yako aliwezaje, alisema shauri lilitoka kwa kuku. Wakamcheka, wakageuka kunitazama mimi.

Nikawaambia ni kweli, kuku ndiye aliyesema.