Nyati Katika Mpunga wa Bi Leelawathi

Miaka ishirini na mbili Swarnalatha, waliyezoea kumwita Swarna, alikuwa afisa ustawi wa jamii katika kliniki ya magonjwa ya akili ya wilaya, na bado kila siku ya usuluhishi ilimtia hofu. Aliwahi kuwakutanisha ndugu wawili mapema mno, wakarushiana viti. Tangu hapo hakumketisha mtu na hasimu wake mpaka kila mmoja awe ameyatoa ya moyoni peke yake.

Safari hii shauri lilikuwa la Wimalasiri, mfugaji wa nyati wa maziwa na muuza mtindi wa kijiji cha kando ya bwawa. Zilibaki wiki mbili mpunga uvunwe alipofungua zizi mchana kweupe, akaswaga nyati wake wote kumi na mmoja hadi shambani kwa jirani yake, Bi Leelawathi, mjane wa miaka sitini na minane. Kisha akalipiga lango la mama huyo kwa shoka, akipayuka kwamba amemwibia pumzi. Polisi walimpeleka hospitali. Alipopata nafuu, shauri likapelekwa baraza la usuluhishi.

Swarna alianza na Wimalasiri.

"Dawa uliacha lini?"

"Mwezi wa pili, dada. Ile sindano inanilaza kama gogo, na nyati hukamuliwa alfajiri. Nikilala, nani akamue? Dada yangu mgongo wake mbovu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeonekana mvivu."

Swarna alizungumza na daktari, dawa ikabadilishwa.

Kwa Bi Leelawathi alikwenda mara tatu. Ya kwanza hakufunguliwa. Ya pili alipewa kiti, chai hakupewa. Ya tatu chai ililetwa na kipande cha sukari guru, na maneno yakafuata.

"Watu wanadhani nalilia mpunga. Mpunga utaota tena. Mimi siku hizi hata kuoga naoga mbio mbio, binti yangu, nasikiliza hatua za mtu. Yeye atasema ni ugonjwa, yameisha. Hofu yangu mimi niipeleke kwa daktari gani?"

"Mwambie hayo hayo."

"Nikazungumze na mwendawazimu?"

"Uzungumze na Wimalasiri. Si ndiye aliyekuletea mtindi miaka yote?"

Mama akamwongezea chai.

Jumapili walikutana katika darasa la shule ya kijiji, mbele ya msuluhishi, mwalimu mkuu mstaafu. Swarna alihofu Wimalasiri angejificha nyuma ya ugonjwa. Hakujificha.

"Nilikuja na shoka langoni kwako, shangazi," alisema. "Mengi siyakumbuki. Shoka nalikumbuka."

Bi Leelawathi alimwaga yake yote, na Wimalasiri akasikiliza mpaka mwisho, machozi yakimtoka. Kisha mama akauliza, "Ukiugua tena, mimi nitajuaje?"

Swarna hakulitegemea swali hilo. Wimalasiri alijibu.

"Huanza na usingizi kupotea. Halafu nawaosha nyati mara nne, mara tano kwa siku. Ukiona hivyo, mpigie dada Swarna. Hata nikikukasirikia, wewe piga; nimeshakubali leo mbele ya watu."

"Mara tano! Hao nyati si watapiga simu wenyewe!" alidakia Bi Leelawathi.

Msuluhishi alicheka wa kwanza, kisha wote. Wakaandikiana: Wimalasiri atatengeneza lango kwa mikono yake, na msimu ujao nyati wake watakanyaga tope la shamba la mama kulilainisha kabla ya kupanda, bila malipo.

Nje, Swarna alikaa juu ya skuta yake bila kuiwasha. Mzigo ulikuwa umemshuka.

Miezi minne baadaye simu ililia. "Binti yangu, leo yuko bwawani na nyati mara ya nne."

Swarna alipofika, aliwakuta Wimalasiri, dada yake na Bi Leelawathi wameketi barazani, begi la nguo limeshafungwa.

"Umechelewa," Bi Leelawathi alimwambia. "Tumeshamaliza kugombana, sasa tunakusubiri wewe."

"Alikukasirikia?"

"Kidogo. Nami nikamkasirikia. Akanywa maji, akaenda kutafuta begi."

Wimalasiri alikaa wodini siku tisa tu. Safari iliyopita ilikuwa miezi miwili. Mavuno yalipofika alikuwa nyumbani, amekonda kidogo, akikata mpunga kwa mundu sambamba na Bi Leelawathi. Mama huyo hakugeuka hata mara moja kumwangalia, ila pale alipomgombeza kwamba anaacha masuke nyuma.