Faili la Mtani

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo: tak, kama mtu aliyefunga kifuniko cha kalamu. Ilitoka kwenye kompyuta yangu mpakato kila mara nilipoikokota sentensi ya mtu kutoka kwenye barua yake na kuidondosha katika faili la serikali. Kwa siku kadhaa sikuijali. Kisha, mchana mmoja sebuleni kwetu Ipuli, Tabora, ilinishtua kiasi cha kuondoa mkono mezani, kwa sababu niliisikia kabla sijawa na hakika kwamba nimekwisha kuamua.

Gemu hilo nililetewa na mdogo wangu, ambaye ni muuguzi na ambaye anaamini kwamba mtu anayeandika tasnifu anapaswa kupumzishwa kwa nguvu. Mchezaji ni karani wa upekuzi katika nchi isiyotajwa jina. Ameajiriwa na serikali asome ujumbe wa raia, asikilize simu zao, afungue barua zao, kisha achague vipande vya kuingiza kwenye mfumo. Mfumo hausomi barua nzima. Unasoma kile tu ulichouchagulia, na maofisa walio upande wa pili, ambao hawakuoni wala huwaoni, hutenda kwa mujibu wa kipande hicho. Ukisita, zamu haiishi. Ukikataa, karani mwingine huchukua kiti chako na mchezo unafungwa.

Siku hiyo mbele yangu palikuwa na mwalimu mstaafu. Alikuwa amemwandikia shemeji yake: “Ukichelewa tena chakula cha Jumapili, nitakuchinja mbele ya watoto.” Mfumo ulikuwa umelipigia mstari neno la kuchinja. Wiki moja kabla yake, mzee huyohuyo alikuwa ameandika kwamba shemeji huyo anampenda kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Mfumo ulizitambua kauli hizo mbili kuwa zinapingana, ukanitaka nichague moja. Kuingiza zote mbili haikuwezekana. Kuandika pembeni kwamba mashemeji hawa wanataniana haikuwezekana pia. Nilitafuta nafasi ya kuandika hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Nilichagua kitisho. Hoja yangu, kwa kuwa ninapenda kuwa na hoja, ilikuwa hii: hakuna ofisa mwenye akili timamu atakayeamini kwamba mwalimu mstaafu anamchinja mtu kwa ajili ya kuchelewa kula. Wangecheka na kumwacha. Nilidhani upuuzi ungejitetea wenyewe. Walimkamata alasiri ileile ya mchezo, na habari yake ikatokea kwenye gazeti la skrini, ikiwa na picha ya nyumba yake.

“Umemtia mzee wa watu ndani kwa sababu ya wali?” mdogo wangu aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma yangu, bado na sare ya kazini, akila muhogo.

“Sikumtia mimi. Mfumo haukunipa nafasi ya kueleza.”

“Hata askari wa kweli husema hivyo, dada.”

Nilirudia. Katika jaribio la pili niliingiza kauli ya upendo. Mfumo ukaniona mzembe, na shauri la mzee likapelekwa kwa karani mkali zaidi. Katika la tatu nilikaa bila kugusa chochote hadi umeme ukakatika na kompyuta, ambayo betri yake imechoka, ikazimika. Uliporudi nilijaribu mara ya nne, nikitafuta mlango ambao waundaji wangekuwa wameuficha kwa ajili ya mchezaji makini. Haukuwapo. Nilikasirika kama ninavyokasirikia mtahini asiyesoma tanbihi. Nikamwambia mdogo wangu kwamba mchezo huo ni wa kitoto: unamlazimisha mtu kutenda uovu, halafu unamlaumu kwa kuutenda.

“Mimi naona ni kazi yako tu imewekewa picha,” alisema. “Si nawe unasikiliza watu, unakata maneno yao, unayatia kwenye jedwali?”

“Utafiti una taratibu.”

“Na wale hawana? Wana hadi fomu.”

Alikuwa akinichokoza, na angelisahau jambo hilo kabla ya kuvua viatu. Mimi nilifungua folda ya tasnifu ili nimwoneshe tofauti.

Ninatafiti utani kwenye njia ya zamani ya misafara, ile iliyopita hapa Tabora kwenda pwani. Ninajaribu kuonesha kwamba wapagazi wa Kinyamwezi waliweza kupita na kulala katika nchi za watu kwa sababu, pamoja na mizigo, walibeba utani: mtu aliyeruhusiwa kukutukana hadharani hakuwa mgeni tena. Sura ya nne inahusu yaliyobaki ya desturi hiyo leo, na mfano wake mkuu unatoka kwenye msiba wa babu yangu mdogo, kule Puge, Nzega.

Kwetu, mtu akifa, wafiwa hukaa chini na msiba hushikwa na watani. Wao ndio huchimba, huamuru nani apike, huzuia jeneza hadi walipwe kuku, na huigiza cheko na kilio cha marehemu mpaka mjane acheke bila kutaka. Katika msiba ule mtani mkubwa alikuwa bibi mmoja wa ukoo tunaotaniana nao, mwenye umri wa miaka kama sabini. Aliingia uani akiwa amevaa kofia na koti la marehemu, akasimama katikati ya wanawake waliokuwa wakilia, akasema maneno ambayo simu yangu, ikiwa imefungwa kwenye pindo la kanga, iliyanasa yote.

Nikausoma sasa mstari niliouandika mwenyewe. Msemaji: mwanamke, takriban miaka sabini. Mahali: Puge. Ukoo: nimeutaja. Kauli: “Mnamlilia nani? Nimemla mimi mwenyewe, na wa pili nimeshamchagua.”

Jedwali langu halikuwa na safu ya kicheko.

Msomaji wa mikoa yetu hahitaji kuelezwa kauli hiyo ni nini ikitolewa mdomoni mwa bibi kizee na kuwekwa peke yake. Ni kukiri uchawi. Kuna wanawake ambao hawakukiri lolote, waliokuwa na macho mekundu tu kwa moshi wa kuni, na hawako hai. Uani siku ile watu walicheka hadi wakashikana mabega, na mjane akamtupia kandambili. Bibi huyohuyo ndiye aliyekuwa amechota maji tangu alfajiri. Lakini msimamizi wangu wa tasnifu alikuwa ameomba mifano yenye sauti safi, nami, kwa bidii, nilikata kilio mwanzoni na kicheko mwishoni. Zilibaki sekunde tisa. Nilizipakia, pamoja na jedwali, kwenye ukurasa wa mtandao wa mradi wetu wa chuo, ambao mtu yeyote anaweza kuufungua. Zilikuwa na majuma mawili huko.

Niliomba kuzifuta. Ukurasa ulikuwa na kitufe cha kupakia. Kuondoa kulihitaji kujaza fomu na kuchagua sababu moja kati ya tatu: faili limeharibika, faili limerudiwa, kuna kosa la uchapaji. Nilizikodolea macho sababu hizo. Nilichagua kwamba faili limeharibika, kisha nikarudi kuibadilisha, kwa kuwa halikuwa limeharibika, kisha nikairudisha. Jibu lilikuja papo hapo kutoka kwa mashine: ombi lako limepokelewa na litashughulikiwa kwa zamu.

Nikampigia msimamizi. Ni mtu muungwana, mzaliwa wa kaskazini, anayepokea simu hata akiwa kwenye kikao.

“Ridhaa ulipata?” aliniuliza.

“Nilipata, Profesa. Kwa mjane na kwa watoto wa marehemu. Walitia sahihi.”

“Sasa tatizo liko wapi?”

Tatizo lilikuwa kwamba nilikuwa nimeomba ruhusa kwa watu pekee ambao siku ile hawakuwa na mamlaka yoyote. Wafiwa hawawezi kuwaruhusu watani. Watani ndio huwaruhusu wafiwa hata kula. Mimi niliyezaliwa ndani ya desturi hiyo, na ninayeiandikia kurasa mia, niliifuata fomu ya chuo, iliyoandikwa “familia husika”, nikaenda kwa familia. Nilimweleza hayo kwa urefu. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Basi muulize huyo bibi mwenyewe,” alisema. “Mweleze kila kitu. Akikubali, tutarudisha kicheko chake na kuficha mahali. Akikataa, niambie, nami nitaiondoa rekodi leo hii kwa mkono wangu, na mfano huo utatoka kwenye tasnifu.”

“Na sura ya nne?”

“Utaiandika upya.”

Shangazi yangu wa Puge alinipa namba ya bibi bila kuuliza, nami nikakaa nayo kwa siku mbili. Nilijiambia kwamba pengine hakuna aliyeufungua ukurasa ule, kwa hiyo kumpigia ni kumtia hofu ya bure. Nilijiambia pia kwamba, kama yupo aliyeufungua, simu haitamrudisha nyuma. Niliandika kwenye karatasi jinsi nitakavyoanza, nikapanga maelezo kwa hatua, nikaondoa neno “mtandao” na kuweka “simu za watu”, nikaona kwamba hata hapo ninachagua kipande cha kumpa. Jambo hilo lilinitia uchungu zaidi ya gemu lote. Lililokuwa chini ya hoja zote hizo lilikuwa rahisi: alikuwa na haki ya kukataa, na mimi nilitaka sura yangu.

“Umeshampigia?” mdogo wangu aliuliza asubuhi ya siku ya tatu, akifunga mkoba wa kazini.

“Ninatafuta namna ya kuanza.”

“Dada, mgonjwa akipewa dawa ya mtu mwingine, sisi hatutafuti namna ya kuanza. Tunamfuata kitandani.” Alifungua mlango. “Nikirudi nikukute umepiga. Ukiwa hujapiga, nampigia mimi, na unajua mdomo wangu.”

Nilisubiri hatua zake ziishe nje. Kisha nikapiga.

“Shikamoo, bibi,” nilisema, nikajitambulisha kwa jina la baba na la babu.

“Shikamoo ya nini?” Sauti yake ilikuwa kubwa, na nyuma yake kulikuwa na kuku. “Ninyi wala panya mmeanza lini kuniamkia kama mkwe? Nani amekufa tena?”

“Hajafa mtu, bibi.”

“Unanipotezea muda. Nilishaanza kutafuta jembe.” Akacheka. “Sema basi. Umepata mume? Ni kipofu?”

Ningeweza kucheka naye. Ndilo jambo lililotakiwa, na lingetupeleka mbali na nilichokuja kusema. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba nilimrekodi msibani na simu ikiwa imefichwa kwenye kanga. Kwamba sikumwomba, nikamwomba mjane. Kwamba nilichukua yale maneno ya kumla marehemu, nikayatenga, nikaandika Puge na ukoo wake, nikayaweka mahali ambapo mwenye simu ya kugusa anaweza kuyafungua na kuyasikiliza. Karatasi yangu ilikuwa mezani na sikuisoma.

“Na kicheko?” aliuliza.

“Nilikikata.”

“Ulikikata kwa nini?”

“Nilitaka sauti yako isikike vizuri.”

Kuku walilia, akawafukuza kwa Kinyamwezi, akarudi.

“Kwa hiyo anayesikia anasikia bibi anasema amekula mtu.”

“Ndiyo, bibi.”

“Na hata huku Puge wanaweza kusikia?”

“Hata huko.”

“Wajukuu zangu wana simu hizo,” alisema polepole. “Jirani yangu mtoto wake amekufa juzi, baada ya msiba wenu. Unajua?”

“Sikujua.”

“Usingejua.”

Nikamwambia kwamba inaweza kuondolewa leo, kwamba neno lake ndilo linalosubiriwa, na kwamba akitaka ibaki, kicheko kitarudishwa na jina la kijiji litafichwa. Nilijisikia nikilisema hilo la mwisho kwa haraka, nikajichukia.

“Iondoe,” alisema.

“Ndiyo, bibi.”

“Yote. Na ile karatasi yenye ukoo wetu. Ikishatoka unipigie wewe mwenyewe, usimtume shangazi yako.”

“Nitapiga leo. Nisamehe, bibi.”

Kwetu mtani hamwachi mtani wake hivihivi. Huondoka amemtupia neno, ndipo mtu ajue kwamba wameachana vizuri. Nilibana simu sikioni nikilisubiri tusi langu, lolote, la panya au la mume kipofu. Alikuwa amekwisha kukata.