King'ora Kilicholia Malangali

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu alinikabidhi drili na ngazi, akaniuliza nimesomea wapi. Nikamjibu kwamba niliacha shule darasa la sita, nikawa utingo wa lori, mchoma matofali, kisha mtengeneza redio, na kila kazi niliiacha nilipokwisha kuielewa. Akacheka.

"Hii hutaielewa mapema," akasema. "Kufunga waya utajua wiki hii. Utachelewa kujua watu wananunua nini."

Hapo tulikuwa Mbeya, kwenye kampuni ndogo ya kengele za ulinzi wa nyumba. Mtambo wenyewe si mgumu. Mlangoni unabandika sumaku, moja kwenye fremu na nyingine kwenye ubao. Zikiachana, paneli ya ukutani inajua mlango umefunguliwa. Kwenye kona ya sebule unaweka sensa, kijisanduku kinachohisi joto la mwili unaotembea. Ndani ya paneli mna betri ya kutumika umeme ukikatika, na laini ya simu. Laini hiyo ndiyo roho ya kazi. King'ora kikilia nyumbani, taarifa inafika chumba cha uangalizi, ambako daima kuna mtu. Huyo anampigia mwenye nyumba na kuwatuma walinzi wa pikipiki walio karibu.

Nilipelekwa Tunduma, nikapachoka. Nikapelekwa Sumbawanga, nikadumu, kwa sababu kule kila nyumba ilinifundisha jambo. Baridi ya Ufipa inawafanya watu waingize jiko la mkaa sebuleni, na nyumba zangu za kwanza zilipiga kelele jioni baada ya jioni: sensa ilitazama jiko, hewa ya moto ikaidanganya. Msimamizi wa Tawi, mama wa Kifipa asiyependa maelezo marefu, aliniagiza niulize jiko linakaa wapi kabla sijatoboa ukuta. Nikaanza kuuliza, nikakaribishwa chai nyingi sana.

Ndivyo nilivyomfahamu Mama Kalista wa mtaa wa Malangali, hapo hapo Sumbawanga, mkunga mstaafu na mjane, mwenye shamba la mahindi na ulezi kule Pito, nje ya mji. Wakati wa mavuno mtaa wake ulibaki mtupu, na wezi walilijua hilo. Misimu miwili mfululizo walimvunjia mchana kweupe. King'ora alikuwa nacho, cha kununua dukani. Kililia mpaka betri ikaisha, wasikilizaji wakiwa kuku tu. Tangu hapo akawa hatoki. Mwanawe Joakimu alikuwa amekuja kumhamishia Dar, na dalali alikwisha kuiona nyumba.

Nilipokwenda kuikagua nyumba, niliwakuta wanabishana. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia bila kumwachia mwanawe nafasi.

"Mama, ukilinda nyumba shamba linaoza, ukienda shamba unaibiwa," Joakimu alisema. "Twende tu."

"Dar nitalima nini, vigae?"

Wakakubaliana: mavuno haya tu, kwa mtambo wangu. Akiibiwa tena, nyumba inauzwa. Nilifunga ile paneli kwa uangalifu ambao sijawahi kuupa kitu kingine.

Siku ya kwanza ya kuvuna, Msimamizi alinituma nimsindikize mteja, maana wengi hukosa raha mara ya kwanza. Tulikuwa katikati ya ulezi, wanawake wakikata masuke kwa visu, Joakimu akitembea tembea na viatu vya ofisini, simu ya mama ikaita. Dada wa chumba cha uangalizi akamwambia mlango wa nyuma umefunguliwa na sebuleni kuna mtu. Mama Kalista akasogea pembeni, akamnong'oneza neno la siri, lile linalothibitisha kwamba anayeongea ni mwenye nyumba, akasema nyumbani hakuna mtu wake. Kisha akarudi kwenye mstari wake wa ulezi, akaendelea kukata masuke.

Simu ikaita tena. Walinzi wamefika, mwizi mmoja amekamatwa, mwenzake ameruka ukuta, televisheni iko kwenye majani, nzima.

Joakimu alikwisha kutoa funguo za gari. "Mama, twende basi."

"Tukafanye nini? Waliotakiwa kwenda wameshakwenda. Chukua kisu, ulezi bado mwingi."

Wanawake wakapiga vigelegele, na Joakimu akavuna hadi jua likapoa. Alirudi Dar peke yake na gunia la unga. Dalali hakuonekana tena.

Pale shambani ndipo nilipopata jibu la lile fumbo la Fundi Mkuu, watu wananunua nini. Mwizi anaogopwa, sawa, lakini mtu halipii kengele yenye mtu wa kuisikiliza ili ajifungie ndani. Anailipia ili aweze kutoka. Nikalisema hilo kwa wateja miaka yote iliyofuata, na wakaelewa kuliko nilipowaeleza sumaku.

Mwaka huu nimestaafu. Nimejenga Pito, jirani na shamba lile, jambo ambalo walionijua zamani hawaamini. Paneli nimefunga kwa mkono wangu, mbali na jiko. Kesho nateremka Ilemba, kule bondeni, sijapata kuona wanavyolima huko. Dada wa chumba cha uangalizi akinipigia, nitamnong'oneza neno langu la siri na kuendelea na safari.