Mtani Aliyesimama Mlangoni

Kazi yangu ni kuwafundisha watu wazima kuongea na wenzao. Watu hucheka nikisema hivyo, hasa hapa Tabora, ambako salamu peke yake inaweza kumaliza asubuhi. Lakini waje wamwone muuza duka anavyomjibu mteja kama anafukuza mbuzi. Mimi sitoi hotuba. Nimekodi ukumbi mdogo Ipuli, naweka viti viwili mbele, nawaita wawili: wewe mteja, wewe muuzaji, haya anzeni. Hakuna kilichoandikwa. Sharti ni kwamba mwenzako akisema jambo, unalipokea kama kweli na kulijibu. Nikipiga makofi, mchezo umekwisha.

Kiangazi kile darasani kulikuwa na mshonaji wa Mtendeni, mama wa makamo, mjane. Dada yake ndiye aliyemleta, maana wateja walikuwa wanamkimbia. Tangu mumewe afariki alikuwa hamjibu mtu zaidi ya "ndiyo" na "bado". Dada yake alinivuta pembeni akanieleza. Asubuhi ya mwisho mtu na mkewe walikuwa wamenuniana, mume akatoka bila kuaga, akaanguka barabarani. Na msibani watani walifukuzwa. Shemeji mmoja aliyeshika dini sana alisema hataki vichekesho kwenye matanga ya kaka yake.

Hilo la watani ndilo lililonikaa rohoni. Mimi ni Mnyamwezi. Kwetu mtani, mara nyingi Mzaramo, huja msibani akavaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akadai chakula, mpaka wafiwa wacheke. Utani wenyewe, nilivyosimuliwa, ulizaliwa kwenye njia ya misafara, wapagazi wa bara na watu wa pwani walipokuwa wanauguzana na kuzikana safarini. Bibi yangu aliamini kwamba marehemu asipochekwa hajui kuwa ameruhusiwa kuondoka. Mimi nilikuwa siamini, au nilijidanganya hivyo.

Alasiri moja nikamwita mshonaji mbele, pamoja na mkata tiketi mmoja wa stendi ya mabasi. Huyu alikuwa Mzaramo, mcheshi, amehamia mjini juzijuzi tu. Nikamwambia yeye ni mteja, amefuata nguo yake.

Alikaa. Akavua kiatu cha kushoto, akakisukuma chini ya kiti. Akajifuta uso kwa kiganja, kutoka juu kwenda chini, kisha akasema kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama watoto, shati langu bado tu?"

Darasa likacheka. Mshonaji alishika ukingo wa kiti.

"Bado," alisema. Halafu akaongeza, taratibu, "Ulitoka bila kuaga. Nani angejua unarudi?"

Yule bwana akafungua mdomo ajibu, nami nikapiga makofi upesi. Niliogopa.

"Mume wangu ndivyo alivyokuwa akivua kiatu," mshonaji aliniambia watu walipotawanyika. "Na uso alikuwa anaufuta vile vile."

Nilimfuata mkata tiketi mpaka kwenye baiskeli yake. "Umemjulia wapi marehemu mume wake?"

"Mume wa nani tena, mwalimu? Mimi nilimwigiza mteja. Kiatu kilikuwa kinanibana."

"Na hilo la 'mama watoto'?"

"Limenitoka tu."

Nilimtazama vizuri, nikitamani sana awe mwongo. Hakuwa.

Kipindi kilichofuata mshonaji alikuja na shati jeupe la mikono mirefu, limepigwa pasi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa mkata tiketi. "Wewe Mzaramo, mimi Mnyamwezi," alisema. "Kazi yenu haikufanyika. Mtani hakatai."

Yule bwana alinigeukia, ule ucheshi wote umemwisha. Mimi angeweza kunikatalia, lakini si wito wa utani. Nami nilitaka kusema kwamba darasa langu si matanga. Badala yake nikavipanga viti.

Mkata tiketi alilivaa. Lilimkaa sawasawa, na hakuna aliyempima.

"Tulinuniana kwa ajili ya mkaa uliolowa," mshonaji alianza. "Mkaa tu. Ulipoanguka, ulikuwa bado umekasirika?"

Yule bwana alijifuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa na njaa," ile sauti ilisema. "Ulinuna mpaka ukaninyima uji."

Kuna mtu nyuma aliyeangua kicheko, akajiziba mdomo. Mshonaji hakucheka. Yule bwana aliinuka, akatembea polepole mpaka mlangoni, akasimama akiwa ametugeuzia mgongo.

"Mama watoto, nicheke basi niende. Miguu inaniuma."

"Sitaki," mshonaji alisema. "Ukitoka hapo utakuwa umekufa."

Mwenzake hakugeuka wala hakusogea, amesimama tu na lile shati, na sisi sote tukawa tunautazama ule mgongo. Makofi yangu yangemaliza kila kitu. Niliikalia mikono yangu.

Machozi yalikuwa yanamtiririka mshonaji. Alimtazama mtu wa mlangoni kuanzia kisogoni mpaka visiginoni, kama fundi anayemkagua mteja kabla hajamwachia.

"Haya, nenda," alisema hatimaye. "Na huko uendako usiwanunie watu. Hawatakuvumilia kama mimi." Hapo kicheko kikamtoka, kikavu kwanza, halafu kwa sauti, akicheka na kulia, na darasa zima likacheka naye. Nami nilicheka.

Mlango ulifunguliwa, ukafungwa.

Tulikaa tukimsubiri mkata tiketi. Aliporudi alikuwa na fulana yake ya ndani tu, na sauti yake mwenyewe, akijipapasa kifuani kama aliyepotelewa na simu. Alikuwa amezunguka ukumbi wote, alisema, na hajui shati ameliacha wapi. Akaanza kumwomba mama radhi.

"Acha," mshonaji alimwambia, akijifuta macho kwa pindo la kanga. "Lilikuwa lake."