Ukuta wa Nyuma ya Mapokezi

Nilikuwa fundi wa jengo moja la ofisi kule Don Mills, mtaa mmoja wa Toronto. Mapokezini alikaa mama mmoja Mgoa, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyehamia huko akiwa msichana. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitika kwa furaha, "Marahaba, mwanangu." Mimi ndiye mtu pekee pale aliyezungumza naye Kiswahili.

Mwezi wa saba bomba likapasuka ndani ya ukuta, nyuma ya kiti chake hasa. Niliziba bomba, nikafyonza maji kwenye zulia. Lakini ukuta wa jipsamu ukishalowa haukauki wenyewe. Inabidi ukatwe chini na mashine za kukausha ziwashwe siku ileile. Ukichelewa siku mbili tatu, unaota kuvu ndani, mahali usipopaona. Nikamweleza meneja.

"Jumatatu wapangaji wapya wanakuja kutazama," akasema. "Sitaki tundu ukutani. Paka rangi."

Nikapaka. Wakati ule nilikuwa nashughulikia karatasi za mke wangu aje Kanada, na barua ya kuthibitisha kazi yangu ilitakiwa itoke kwa meneja huyohuyo. Sikubisha.

Mwezi wa tisa mama akaanza kukohoa. Mwisho wa wiki akiwa nyumbani alipata nafuu, Jumatatu kikohozi kikarudi.

"Daktari haoni kitu," aliniambia. "Labda ni uzee tu."

Pale alipokaa palikuwa na harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Niliinusa vizuri. Nikasema, "Pole, mama," nikaenda zangu kubadilisha taa ghorofa ya tatu.

Asubuhi moja alishindwa hata kuitikia salamu yangu. Alikohoa mpaka akashika meza. Nikaenda kuchukua kisu, nikamwomba asogee, nikakata ukuta mbele ya watu waliokuwa wakingoja lifti. Ndani kulikuwa kweusi tii, toka sakafuni hadi usawa wa goti.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua ukuta ulilowa. Nilijua utakuwa hivi."

"Toka lini?"

"Toka bomba lilipopasuka."

Akautazama ukuta, kisha akanitazama mimi. "Ungeniambia tu, ningehamisha kiti."

Akachukua koti na mkoba wake, akatoka.

Meneja alifoka, lakini watu wote walikuwa wameshaona. Wiki hiyo wakaja mafundi waliovaa barakoa, wakang'oa ukuta wote na zulia. Barua yangu niliipata, mke wangu akaja. Mama hakurudi kazini. Nilipopiga simu kwake, binti yake akaniambia kikohozi kinaendelea kupungua. Nikaomba nizungumze naye. Nikasikia wakinong'ona, kisha binti akasema mama anapumzika.

Sijapiga tena. Kila wiki najiambia nitapiga.