Nani Aliiona Damu?

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile ambayo baba mkwe wangu alinizalisha huku amefumba macho.

Najua unashtuka. Baba mkwe haingii anapojifungua mke wa mwanawe. Lakini hapakuwa na mwanamke wa kuingia. Kijiji chetu kizima cha Rhotia kilikuwa kimetutenga. Mama mkwe alishafariki, mume wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa huko Oldeani, na hakuna aliyekubali kumpelekea habari zetu. Basi mzee akaingia, akageuza uso ukutani, akanyoosha mikono kama kipofu anayetafuta fimbo yake.

"Baba, tazama!" nililia. "Mtoto amekwama, tazama!"

"Siwezi, mwanangu. Nisamehe. Siwezi kukutazama."

Alipofumbua macho, kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka mtoto shingoni. Alikuwa wa kiume.

Ukikuta maji yamechafuka huku chini, panda ukaone nani anayavuruga kule juu. Nami nakupandisha.

Mkwe wangu aliitwa Boay. Hakuwa msomi, kama mimi nisiyevuka darasa la pili, ila alijua kusema. Mwaka ule walipoweka mipaka mipya ya Ngorongoro, ng'ombe wetu walirudishwa njiani wakienda kulamba chumvi. Wengine walinung'unika vilabuni, yeye alisimama barazani mbele ya mzungu wa serikali akasema, "Ng'ombe wanataka chumvi. Nani atawajibu?" Watu wakampenda. Akajiunga na chama kikubwa, akaambiwa asubiri. Akasubiri mpaka akachoka. Akatoka, akaanzisha chama chake kwenye baraza ya duka la Bwana Salimu pale Karatu, watu saba, na Salimu mwenyewe ndiye aliyewapa chai.

Katibu wa chama kikubwa kwetu alikuwa Sulle. Namtaja kwa jina, maana yeye alipotutaja hakutuficha. Siku ya mnada alimcheka mzee mbele za watu: "Boay, chama chako kikikaa kwenye benchi moja, nafasi inabaki!"

Mzee akamjibu, "Kiroboto naye mdogo, bwana, lakini mwenye nguo halali."

Mnada mzima ukaangua kicheko. Hapo ndipo Sulle alipokasirika, mwanangu. Mdharau mwiba mguu huota tende, na yeye alishaanza kuchechemea. Mzee alikuwa amepata watu wa kumdhamini agombee uchaguzi ule wa kabla ya Uhuru, na ilibaki waende naye Mbulu kwa lori, wakasimame mbele ya bwana shauri waseme, huyu ndiye mtu wetu.

Sasa sisi Wairaki tuna mila yetu, metimani. Nyumba ikiharibikiwa mimba, hujitenga mpaka itakaswe. Hamchoti kisima cha wote, hamuombi moto kwa jirani, ng'ombe wenu hawachanganywi na wa wengine, hamkai na watu. Si adhabu. Ni heshima kwa kifo, kisitembee.

Sulle akaichukua mila hiyo akaifanya rungu. Mkewe, Paskalina, akasema ameona damu yangu kijitoni; kwamba mimba yangu imetoka nami naficha ili mkwe wangu agombee. Na tumbo langu lilikuwa pale pale, limejaa, mtoto anacheza! Paskalina akasema nimefunga matambara.

Nilipofika kisimani alisimama mbele ya wenzake. "Rudi na ndoo yako, wewe! Mwambie mwenyekiti wa watu saba apige kura, maji yaje yenyewe!"

Wakacheka. Nikapandisha gauni langu juu, nikawaonyesha tumbo. Wote wakatazama chini. Hakuna hata mmoja aliyesogea kunigusa ajue ukweli.

Mzee Hhando ndiye aliyekuwa mkubwa wa wazee. Neno lake moja lingetosha. Alikuwa ameniona, alijua. Akasema tu, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Akaenda zake. Siku ya kwenda Mbulu lori lilisimama tupu mbele ya duka la Salimu. Nani apande na mwenye mkosi?

Na kweli likaja. Ila halikuja lenyewe, mwanangu. Lililetwa.

Baada ya kumzika mtoto nilichukua kijinga cha moto niende kuchoma ghala la Sulle. Mzee alinikuta mlangoni, akaninyang'anya, akakichovya majini. Ndiyo mara pekee aliyonifokea.

"Moto haumuulizi mtu kitu," akasema. "Unakula, unazimika, kisha wao ndio wanaolia. Wewe una mdomo. Uliza! Waulize mpaka wachoke kulala."

Yeye mwenyewe aliuliza mpaka kufa. Uhuru ukaja, vyama vidogo vikafutwa, na kila baraza yule mzee alinyanyuka kwa fimbo: "Ng'ombe wanataka chumvi." Wakimcheka, anakaa. Baraza lijalo, ananyanyuka tena.

Basi nasaha yangu ni hii. Shika mila, lakini tazama mkono ulioishika upande wa pili. Mwenye kuiheshimu huanza kwa kuuliza na kugusa. Mwenye kuitumia huanza kwa kutangaza. Ukiambiwa jirani yako katengwa, nenda na maji kwanza, ndipo usikilize maneno. Na heshima ikikwambia ufumbe macho wakati mtu anakufa, yafumbue. Boay alikuwa mtu mwema kuliko wote niliowajua, na kule kufumba macho kulimla hadi kaburini. Usidharau kundi dogo kwa udogo wake, wala usinyamaze kwa sababu mko wachache.

Mungu akupe kisima kisicho na mlinzi, na majirani wenye mikono.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Sulle ilimfikisha benchi la mbele kanisani, na bado analikalia. Paskalina yu hai, anauza maharage sokoni. Hhando naye yu hai, haoni vizuri, ila anasikia. Nawauliza ninyi watatu, kwa majina yenu, kama ninavyowauliza kila mwaka: njooni mlangoni kwangu mchana kweupe, mbele ya watu, mseme. Nani aliiona damu?