Kitambala kwenye Kiti cha Mbele

Ipo siku moja inayonirudia kila baridi ya mwezi wa saba inapoingia, mwanangu, na ikinirudia hasira hunipanda upya, kana kwamba jambo lenyewe lilitendeka asubuhi ya leo. Hasira hiyo kwanza ni juu yangu mimi. Nitakueleza kwa utaratibu, maana jambo la aibu likisimuliwa haraka haraka hugeuka kichekesho, na hili si la kuchekwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikaa Lukafu, wazazi wangu wakilima mahindi, nami nilikuwa nimemaliza mtihani wa mwisho wa sekondari. Baba yangu mdogo, seremala wa mtaa wa Katuba, alituma habari kwamba niende Lubumbashi nikae kwake likizo nzima. Sikuwa nimeuona mji ule hata mara moja. Kwa ajili yake nilinunua koti la mtumba, la rangi ya maziwa, nikalitundika ukutani na kulitazama kila jioni. Rangi ya maziwa, kwa safari ya lori, wakati wa kiangazi, katika barabara ya vumbi jekundu. Hapo tu umeshajua nilikuwa kijana wa namna gani.

Lori la mahindi lilichukua watu juu ya magunia. Mbele, kando ya dereva, aliketi mwenye mahindi, na baada yake ilibaki nafasi moja tu. Nafasi hiyo haikuandikwa popote. Aliyeiomba kwanza alifunga kitu chake kwenye kiti, kofia, mkanda, hata kiatu kimoja, na hakuna aliyekigusa. Hapakuwa na polisi wa kulinda desturi hiyo. Ililindwa na watu kuwa watu.

Safari ile kiti kilifungwa kitambala cha kijani, kitambaa cha kichwani cha Mama Ngalula. Huyu alikuwa mjane aliyeuza chumvi na sabuni karibu na zahanati. Marehemu mumewe alikuwa ametoka naye Kasai, na baada ya mume kufa hakubaki na ndugu yeyote pale kwetu. Alikuwa akikohoa tangu mwezi wa tano. Muuguzi alimwambia aende hospitali kubwa ya mjini, na akamwonya kwamba upepo wa njiani ungeweza kummaliza. Ndiyo sababu aliomba kiti kile siku mbili kabla.

Asubuhi ya safari nilimkuta amesimama kando ya mlango wa lori, amejifunika vitenge viwili.

"Mutoto wangu," akaniambia, "wewe uko muntu ya masomo. Unichungie nafasi hapa. Nimesahau dawa kwa nyumba, narudia sasa hivi."

"Ndiyo, mama," nikajibu.

Nilimjibu hivyo kwa kinywa changu. Angekuwa mtu mwingine aliyemdhulumu, ningekuwa leo shahidi tu. Lakini mlinzi wa kiti nilikuwa mimi.

Dereva akaja, akawasha injini, akauliza, "Mama ya kitambala iko wapi?"

Nikatazama vumbi lililokuwa limelala kwenye magunia, nikatazama mkono wa koti langu. Nikasema, "Sijui. Pengine ameacha safari."

"Basi panda wewe."

Nikafungua fundo la kitambala, nikaketi. Gunia la mwisho lilikuwa halijapakiwa Mama Ngalula aliporudi, chupa ya dawa mkononi, pumzi zikimkatika.

"Shofere, ile nafasi iko yangu."

"Mama, kamio haingojee muntu," dereva akajibu, akilipigapiga lori lake ubavuni. "Mwenye kukaa ndiye mwenye nafasi."

Kutoka juu ya magunia mtu akasema, "Mama, kuja huku. Huku hewa iko mingi, itakuponesha kifua." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, ili nionekane mmoja wao.

Mama Ngalula akapitisha mkono dirishani. Nilidhani atanipiga kofi. Akasema tu, "Kitambala yangu." Nikampa. Akajifunga kichwani, watu wawili wakamvuta juu.

Mwanangu, barabarani nilikuwa na muda mwingi wa kujitetea. Nilijiambia kwamba dereva ndiye mwenye lori. Uongo, kwa sababu dereva aliuliza na mimi ndiye niliyemjibu. Nikajiambia kwamba alichelewa mwenyewe. Uongo pia, kwani lori lilikuwa halijaondoka. Kisha nikajiambia kwamba hata ningemwachia mimi, angekikalia mtu mwingine, na hii ndiyo hoja inayonichukiza kuliko zote, maana naisikia mpaka leo kutoka kwa watu wenye diploma na tai. Mtu mwingine gani? Kiti kilikuwa kimefungwa siku mbili bila mtu kukigusa. Na kama nisingekuwa najua kwamba mama yule hana kaka wala mpwa pale wa kunishika shati, nisingethubutu. Nilipima kwanza, ndipo nikadhulumu.

Safari ilitulipa sote. Kabla ya saa sita tairi lilipasuka. Tukaliziba. Mbele kidogo springi ya nyuma ikavunjika, na lori likalala kando ya barabara mpaka kesho yake, springi nyingine ilipoletwa kwa baiskeli. Kila tuliposimama watu walishuka, wakawasha moto wa majani, wakaota. Mimi sikushuka. Nilibaki kitini na njaa yangu, nikiogopa mtu asije akaninyang'anya nafasi. Huo ndio utajiri nilioupata. Na kupitia dirishani nilimsikia Mama Ngalula akikohoa karibu na moto, kikohozi kirefu kisichofika mwisho.

Siku ya pili alasiri tuliingia Lubumbashi. Baba mdogo alikuwa ananisubiri pale malori yanaposhushia mizigo. Dereva, ambaye alimfahamu, akawahi kusema.

"Mutoto wenu iko mujanja. Alitoa mama moja kwa nafasi, mama hata hakujua nafasi imepita wapi."

Alisema hivyo kunisifu. Wakati huohuo walikuwa wanamshusha Mama Ngalula. Alikuwa mwekundu kwa vumbi toka nywele hadi miguu, vidole vyake vimejikunja kwa baridi na havikuweza kuishika chupa ya dawa. Baba mdogo akamtazama, kisha akanitazama mimi, polepole, kuanzia kola mpaka vifungo.

"Koti yako iko safi," akasema.

Hakunipa mkono. Alimwendea mama yule, akamwuliza anakwenda wapi, akamshika bega. Mimi nikabeba mfuko wake nyuma yao mpaka hospitali. Daktari alisema pafu moja limejaa, na kwamba hajui kama ataiona wiki inayofuata. Akauliza, "Nani iko namuchunga hapa?" Unajua hospitalini kwetu mgonjwa asiye na mtu wa kumpikia hana cha kula.

Baba mdogo akanionyesha kwa kidole.

Hiyo ndiyo ilikuwa likizo yangu. Kila asubuhi nilitoka Katuba kwa miguu na birika la uji, nikafua vitenge vyake, nikamgeuza kitandani pamoja na muuguzi. Wiki ya kwanza hakuweza kusema. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikihesabu pumzi zake, na nilijua kwamba zikisimama nitakuwa nimeua mtu kwa ajili ya koti. Koti nililiuza nikamnunulia dawa, na usinisifu kwa hilo.

Alipopata sauti nikaanza kumwomba msamaha. "Mama, ile siku ya kamio..."

"Maneno haina sukari," akanikatiza. "Kesho utie sukari kwa uji."

Sikurudia tena. Nilitia sukari.

Alipona, Mungu akinihurumia kuliko nilivyostahili. Mwishoni mwa mwezi wa nane tulirudi pamoja pale malori yanaposhushia mizigo. Nikamwombea kiti cha mbele, yeye mwenyewe akafunga kitambala cha kijani. Halafu akageuka.

"Unichungie nafasi," akaniambia. "Naenda kununua mukate ya njia."

Akaenda, na hakutazama nyuma hata mara moja. Nilisimama kando ya mlango ule, mkono juu ya kiti, na sikuketi. Watu wawili waliuliza. Niliwajibu, "Iko na mwenyewe." Alichukua muda mrefu sana kununua mkate. Naamini alifanya makusudi. Aliporudi akapanda, akanimegea kipande, nami nikapanda juu ya magunia. Upepo wa barabara ile, mwanangu, ni mkali kuliko nilivyofikiri.

Juzi nimemwona kijana kituoni Katuba akiondoa mfuko wa mzee mmoja kwenye kiti na kukaa, simu mkononi. Wenzake wakacheka, wakamwita mjanja. Hasira ilinipanda, kwa sababu nilikitambua kicheko kile. Nilimwambia asimame, naye akasimama akininung'unikia. Na anung'unike.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukiambiwa "nichungie", na ukaitikia, kitu hicho kimekuwa mikononi mwako na si chako. Usiiulize nafsi yako kama mwenyewe ana ndugu wa kumtetea. Ukiona watu wanacheka mnyonge anapokoseshwa haki, usicheke ili wakupende. Na ukiwa umekosa tayari, usikimbilie maneno. Chukua birika.

Mungu akupe safari zenye kufika, mwanangu. Akupe kifua kizima na mkono unaoaminika, na siku utakapokuwa mbali na kwenu, bila ndugu karibu, akuwekee mtu atakayesimama kando ya kiti chako mpaka urudi.